Mapanki wa Mwaloni: mbwa aliyechukuliwa mara tatu

Jina alipewa na watoto wanaookota dagaa waliomwagika pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Walimwita Mapanki kwa sababu ndicho chakula walichozoea kumwona nacho mdomoni: mifupa na vichwa vya sangara, vile vinavyobaki viwandani minofu ikishakatwa na kwenda zake Ulaya. Jike, kahawia, kifua cheupe, masikio yamelala nusu. Siku tuliyompima mara ya kwanza alikuwa na kilo 14, na siku tuliyompima mara ya mwisho kilo 19. Katikati ya vipimo hivyo viwili kuna miezi minane, nyumba mbili zilizomchukua na kumrudisha, mtoto mmoja aliyeng'atwa, na maneno mawili niliyoyaandika mimi mwenyewe kwenye daftari, ambayo ndiyo yaliyoniketisha kuandika haya.

Tukikutana sisi tunaoshughulika na mbwa wa kuokotwa, huwa tunasimuliana yale yaliyokwenda vizuri. Picha ya kabla, picha ya baada, mbwa amenenepa, watoto wanamkumbatia. Kisa hiki hakina picha ya namna hiyo. Mambo madogo madogo ya watu nimeyabadilisha wasitambulike. Ya mbwa nimeyaacha yalivyo.

Mimi ni daktari wa mifugo. Ng'ombe na kuku ndio wanaonilisha. Mwisho wa juma nasaidia kwenye kituo cha mama mmoja, muuguzi mstaafu, nje kidogo ya mji njia ya Kisesa. Kukiita kituo ni kukikuza. Ni uwanja wa nyuma ya nyumba yake, mabanda sita ya mabanzi na mabati, mwembe mmoja, na mbwa ambao mwaka ule hawakupungua 14. Majirani humwita Mama Mbwa, wengine kwa dharau, wengine kwa mapenzi, naye huwaitikia wote sawasawa. Siku hizi kuna wanaosema "kuasili mbwa". Kwetu bado tunasema kumchukua, na nadhani neno hili lina ukweli fulani ambao lile lingine linauficha: kuchukua kuna anayechukua na kuna anayechukuliwa, na wakati mwingine kuna aliyechukuliwa kitu chake.

Waya

Januari, Jumapili moja jioni, kijana anayebeba magunia ya dagaa alinipigia simu. "Dokta, kuna mbwa huku ananuka na bado yuko hai." Tulifika wauzaji wameshafunga. Mbwa alikuwa amejibanza chini ya mtumbwi mkongwe uliopinduliwa, na harufu ilitufikia kabla hatujamwona. Shingoni alikuwa na waya wa kufungia nondo, ule mwembamba wa mafundi, umezama ndani ya nyama kiasi kwamba kwa juu ngozi ilikuwa inataka kuufunika. Mabuu ya inzi yalikuwa yameshapata makao.

Nilimchoma sindano ya usingizi palepale, tukamfunika macho kwa khanga ya Mama, bajaji ikatupeleka. Waya ukakatwa kwa koleo. Kidonda tulikiosha, mabuu tukayatoa moja moja kwa kibano hadi saa tano usiku, kisha dawa za kuua vijidudu kwa wiki nzima. Ukurutu ulikuwa umemla ncha za masikio na viwiko. Huu ni ule wa utitiri, ambao humhamia hata binadamu anayemshika mbwa, na mimi na Mama tulijikuna mikono siku kadhaa kuthibitisha hilo. Nilimkagua pia sehemu za siri kutafuta ule uvimbe unaosambaa mbwa wanapopandana, maana kwa mbwa wanaozurura ni jambo la kawaida na matibabu yake ni sindano za kila wiki kwa muda mrefu. Hakuwa nao. Mwishoni mwa Februari, nyama ya shingo ikiwa imeshafunga, alitolewa kizazi na kupata chanjo ya kichaa cha mbwa.

Hapo ndipo palikuwa na dalili ya kwanza tuliyoipita. Waya wa namna ile mara nyingi hautokani na ukatili wa makusudi. Mtu humfunga mbwa akiwa mdogo ili asizurure, mbwa anakua, waya haukui. Hilo nalijua, nimelisema hata mbele za watu. Maana yake ni kwamba kulikuwa na mtu aliyewahi kutaka mbwa huyu abaki karibu naye. Sisi tuliuangalia ule waya tukaona mtesaji, tukawa na hasira, na hasira haiulizi maswali. Usiku ule ule, kwenye daftari la kupokea mbwa, niliandika: "Jike, kahawia, miaka kama 2, Mwaloni Kirumba. Hana mwenyewe."

Ghala la Igogo

Hili nitalipitia haraka. Aprili alikuja mfanyabiashara anayehitaji mbwa wa kulinda ghala Igogo, akampenda kwa umbo, akamchukua. Siku ya 11 akamrudisha kwenye pikipiki ya matairi matatu, amepandishwa juu ya magunia matupu. "Dokta, huyu mbwa wako ni mgeni wa heshima. Anakula, analala. Mwizi akija atampisha njia."

Wenye vituo Ulaya na Marekani wana kanuni yao ya kukadiria: siku 3 mbwa anakuwa ameduwaa, wiki 3 anaanza kushika taratibu za nyumba, miezi 3 ndipo anajiona yuko kwao. Si sheria ya maabara, ni uzoefu tu, lakini hata kwa mbwa wetu niliowaona inakaribia ukweli. Tatizo ni kwamba huku mbwa anachukuliwa leo na kazi anaanza leo usiku. Mlinzi wa binadamu tunampa angalau siku ya kuonyeshwa milango. Yule bwana aliniambia pia kwamba kumtoa jike kizazi ndiko kulikomharibia ukali, nami nikamjibu kwamba hapana, jike aliyetolewa kizazi hubweka na kulinda kama kawaida, ila huyu hakuwa na cha kulinda kwa sababu ghala lile hakuwa amelijua. Hakunielewa, na kwa kweli mimi ndiye niliyepaswa kumweleza hilo siku ya kwanza, si siku ya 11.

Buhongwa

Mwalimu alikuja Mei, akaja tena wiki iliyofuata, na mara zote mbili alikaa kwenye kigoda karibu na banda la Mapanki bila kumgusa, akizungumza na simu yake kwa sauti ya chini mpaka mbwa akatoka mwenyewe kumnusa viatu. Mama alinong'ona, "Huyu ndiye." Nami niliona hivyo. Hata leo nikiulizwa nani katika wote waliowahi kuja pale alikuwa na moyo wa kufuga mbwa, nitamtaja yeye.

Tulimuuliza maswali yetu. Una uzio? Ninao. Nani anashinda nyumbani? Mke wangu, ana genge hapo mbele. Watoto? Watatu, mdogo ana miaka saba. Chakula? Dona na dagaa, na mapanki nitayachemsha. Tukamwambia mifupa asimpe iliyokaangwa, maana hukauka na kuvunjika vipande vikali. Achemshe, atoe ile mikubwa. Akaandika kwenye daftari lake la shule. Nani asingempa mbwa mtu anayeandika?

Hatukwenda kuiona nyumba. Kisesa iko njia ya Musoma, Buhongwa iko njia ya Shinyanga, na juma lile tulikuwa na watoto wa mbwa tisa waliotupwa ndani ya boksi karibu na stendi ya Buzuruga, wanne kati yao wanaharisha damu. Sababu ninayo, kwa hiyo. Lakini mambo yote yaliyotokea baadaye yalikuwa yanaonekana kwa macho kwa mtu ambaye angesimama kwenye uwanja ule kwa robo saa.

Angeona kwanza kwamba uzio upo pande tatu. Upande wa nne ni minyaa, na minyaa ina mwanya ambao watoto wa mtaa mzima wanapita kwenda kucheza mpira. Angeona geti halifungwi mchana kwa sababu ya wateja wa genge. Angeona bomba moja la maji, na vyumba viwili vya uani vyenye wapangaji.

Wapangaji hao hakuna aliyewauliza neno. Walikuwa kijana fundi wa friji na mkewe, Waislamu. Mwalimu alipokuja na mbwa walinyamaza, kwani nyumba si yao. Siku ya nne Mapanki alitia mdomo kwenye ndoo ya yule dada iliyokuwa inakinga maji. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanayafuata, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Dada akaosha mara saba, huku akilia kwa hasira, si kwa sababu ya mbwa, kwa sababu ya kutoulizwa. Mumewe alinieleza baadaye kwa upole ambao ulinitia aibu: "Mbwa wa kulinda dini haituzuii, kaka. Shida yetu ilikuwa ndoo. Mngesema mapema tungehamisha ndoo." Kumbe ugomvi mzima dawa yake ilikuwa kumwekea mbwa sufuria yake mbali na bomba na kuwaambia watu wanaoishi pale kwamba anakuja.

Ndoo ndiyo iliyoleta mnyororo. Mwalimu hakuwa mtu wa kufunga mbwa. Ila sasa kuna ndoo, kuna geti lililo wazi, kuna watoto wa mpira. Akanunua mkanda wa ngozi na mnyororo wa mita mbili, akamfunga kwenye mpapai, katikati ya mwanya wa minyaa na bomba. Mkewe anasema mbwa alivyovishwa mkanda alipiga ukelele ambao hajawahi kuusikia kwa mnyama, akajikojolea, akalala chini. Mwalimu alinipigia simu. Siku hiyo nilikuwa zizini huko Usagara, mkono mmoja uko ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, simu nimewekewa sikioni na mwenye ng'ombe. Nikasema, "Mzoeshe taratibu, mwalimu, atazoea." Ndama alitoka hai. Jibu nililompa mwalimu lilikuwa la hovyo.

Kwa sababu shingo ile ilikuwa na kovu la kuzunguka kama pete. Sisi tuliliona kila siku miezi mitano, na hakuna mahali popote, si kwa mdomo wala kwa maandishi, tulipomwambia mwalimu kwamba mbwa huyu asifungwe shingoni. Pale kituoni hakuwahi kufungwa, kwa hiyo hatukuwahi kuona nini kinatokea akifungwa.

Siku ya 19, Jumamosi saa tisa alasiri, mpira uliingia uani ukasimama karibu na mpapai. Mapanki alikuwa anakula. Mtoto wa jirani, miaka tisa, akapita mwanyani akainama kuuchukua. Mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia. Akitishika anabaki na njia moja. Alimng'ata shavu la mguu, mara moja, akaachia, akarudi nyuma mpaka mnyororo ukamkaba.

Bibi wa mtoto alifika na kibatari cha mafuta ya taa, amwagie kwenye kidonda. Aliyemzuia ni yule dada mpangaji, mwenye ndoo. Alikuwa amenipigia simu kwa namba aliyoipata kwa mke wa mwalimu, nikamwambia: bomba na sabuni, dakika 15 kamili, usisugue kwa nguvu, usipake kitu, kisha kituo cha afya. Alimkalisha mtoto bombani, mguu kwenye mapaja yake, akaosha dakika 15 akiangalia saa ya simu. Ni hatua ndogo ambayo watu huiona kama ya kupoteza muda, lakini virusi vya kichaa vipo kwenye mate, na sabuni na maji yanayotiririka huvipunguza kabla havijashika njia ya mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Vikishafika huko na dalili zikaanza, hakuna tiba. Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kama wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15, kama yule wa mpira.

Kituo cha afya muuguzi aliuliza swali ambalo lilikuwa haki yake kuuliza: kadi ya chanjo ya mbwa iko wapi? Kadi ilikuwa Kisesa, ndani ya jalada la Mama, kwenye kabati, imehifadhiwa vizuri sana. Mwalimu alikuwa amekabidhiwa mbwa bila kadi kwa sababu utaratibu wetu ulikuwa kutunza kadi "zisipotee". Mtoto akaanzishiwa chanjo, dozi ya kwanza siku ile, nyingine siku ya 3 na ya 7, na zilizosalia baadaye. Muuguzi alifanya sawa, na hata kadi ingekuwepo pengine angeanza vilevile, maana mbwa alichanjwa mara moja tu na jeraha lilikuwa limetoboa ngozi. Ila kadi ingempa yule bibi usiku mmoja wa kulala. Hakulala.

Siku kumi

Jumapili asubuhi mwenyekiti wa mtaa alituita. Watu walikuwa wameshakata shauri: mbwa auawe. Kijana mmoja alikuwa amekuja na rungu kabisa, amekaa nalo mapajani kikaoni.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo mahali pekee katika kisa hiki nilipofanya kazi yangu sawasawa. Sikuanza na huruma. Ningesema "mnyama naye ana haki" nisingemaliza sentensi, ingawa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu mwaka 2008 na ningeweza kuisoma. Niliuliza tu: mkimuua leo mkamtupa, mtajuaje kama alikuwa na kichaa? Kimya. Nikaeleza kwamba mbwa mwenye virusi kwenye mate yake huwa ameshaanza kuugua au yuko mbioni kuugua, na hufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo mbwa aliyemng'ata mtu akifungiwa na kuangaliwa siku 10, akabaki mzima, anakula, anakunywa, basi siku aliyong'ata mate yake hayakuwa na kitu. Mbwa akiwa hai ndiye jibu. Akiuawa, jibu lililobaki ni kichwa chake kupelekwa maabara, na mkimpiga rungu la kichwa hata hilo mmeliharibu.

Mzee mmoja, ambaye zamani alikuwa sungusungu, alisema, "Kwa hiyo tunamweka rumande." Watu wakacheka. Kijana akaweka rungu chini ya benchi. Nimeshindwa kwenye vikao vingi kwa kueleza vizuri zaidi ya hapo. Siku ile neno rumande ndilo lililookoa mbwa.

Rumande ilikuwa kwa Mama, banda la peke yake lenye kufuli. Kila jioni nilituma picha kwa mwenyekiti: mbwa anakula, mbwa anakunywa maji. Siku ya 10 mwenyekiti alikuja mwenyewe akamwangalia, na daktari wa kituo cha afya akasimamisha dozi zilizosalia. Gharama za mtoto tuligawana nusu kwa nusu na mwalimu, baada ya maneno makali ambayo siyarudii. Neno lake moja ndilo nitalirudia, kwani alilisema bila kupandisha sauti: "Sina ugomvi na mbwa, dokta. Nina ugomvi na ninyi. Mlinipa mbwa, hamkunipa habari zake."

Hana mwenyewe

Agosti tulikaa chini ya mwembe, mimi, Mama, na mwalimu ambaye nilimwomba aje na akaja. Tulitaka kujua tulikosea wapi. Mama alisema nyumba haikukaguliwa. Mimi nilisema kadi na kovu. Mwalimu, kama mwalimu, aliomba kuona daftari, akasoma mstari wa Januari, akauliza: "Hili la hana mwenyewe, mlilijuaje?"

Hatukulijua. Tulifika jioni, hapakuwa na mtu wa kumuuliza, na kijana aliyepiga simu alikuwa na wiki mbili tu pale. Mbwa wa mtaani, tukasema, na kwa lugha yetu ya kila siku mbwa wa mtaani maana yake ni mbwa asiye na mtu. Sivyo. Watafiti wanaofuatilia kichaa cha mbwa kwa miaka mingi kwenye wilaya zinazopakana na Serengeti wamekuta kwamba mbwa wengi wanaozurura wana wenyewe, wanajulikana kwa majina, na watoto wa nyumbani wanaweza kuwavuta kwa kamba mpaka kwenye meza ya chanjo. Hilo nililisoma miaka mingi kabla. Sikuwahi kuliingiza kwenye daftari la kituo.

Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa Mwaloni, wakati magunia yanapangwa na chai inachemka. Niliulizia mbwa kahawia mwenye kifua cheupe. Mtu wa nne niliyemuuliza alinyoosha kidole kwa mama ntilie mmoja mwenye vitafunio, pembeni ya njia ya malori.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Akaniangalia viatu, akaniangalia uso. "Wewe ndiye uliyemchukua Mapanki."

Alijua tangu Januari. Kijana alimwambia kesho yake kwamba watu wa mbwa wamekuja na bajaji. Alidhani tumemchukua kumuua, maana kidonda kile hata yeye kilimshinda. Nikamwambia yu hai, ana kilo 19. Akakaa. Akanimiminia chai ambayo sikuiomba.

Alimpata akiwa mdogo wa kuingia kwenye ndoo. Alimfunga yeye, kwa mkono wake, kwa kipande cha waya alichopewa na mafundi waliokuwa wanajenga vibanda, kwa sababu malori ya dagaa yalikuwa yameshakanyaga wawili wa tumbo lile. Mbwa alikata upande mmoja akatoka na pete shingoni. Tangu hapo kila asubuhi alikuja kula, alilala kwenye majivu ya jiko lake usiku, alimsindikiza mpaka njia panda gizani, lakini mkono ukikaribia shingo anaruka. Kila mwezi waya unazidi kuingia, na mama anaona, na hamjui mtu wa kumwita. "Ningejua kuna dokta wa mbwa ningeuza hata sufuria."

Mama wa kituo nilipomsimulia alikataa katakata. "Nimemtoa waya shingoni mimi, nimrudishe kwa aliyemvika?" Tulibishana wiki mbili. Ana hoja: malori bado yapo, hakuna banda, hakuna uzio. Hoja yangu ilikuwa kwamba banda la Kisesa lina mbwa 14 na mtu mmoja mzee, na kwamba kilichohitajika Januari kilikuwa koleo, dawa, upasuaji mmoja na chanjo, kisha wiki tatu za kulala kituoni, basi. Miezi iliyozidi hapo tulimlisha, tukamhamisha, tukamfundisha hofu mpya, na nafasi yake ingetosha wale watoto wa kwenye boksi la Buzuruga, ambao kweli hawakuwa na mtu, na ambao wanne walikufa wamebanana kwenye banda moja.

Kuna na hesabu ya chanjo yenyewe. Ili kichaa kikose njia ya kupita kwenye mji inatakiwa mbwa kama 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa, na wabaki kuwa hivyo. Mbwa aliyechanjwa na kutolewa kizazi akibaki Mwaloni ni tofali kwenye ukuta huo. Tukimwondoa, mapanki yaliyokuwa yakimlisha yanabaki palepale, na mwingine asiyechanjwa anakuja kuyala na kuzaa juu yake. Sisemi watu wasichukue mbwa. Watoto watano wa boksi waliopona wote wamechukuliwa, na safari hii kila nyumba tuliikanyaga, wapangaji tuliwasalimia, na kadi iliondoka na mbwa. Mwalimu hakutaka mbwa mwingine. Sikumshawishi.

Septemba, Mama alikubali kwa sharti moja, na sharti lenyewe alikwenda kulisema mwenyewe Mwaloni: hakuna kitu shingoni, hata utepe. Wale wanawake wawili walipimana kwa macho kwa muda mrefu. Kisha wakaanza kuzungumza Kisukuma kwa kasi ambayo mimi sikuiweza, na nilielewa tu pale walipocheka. Mapanki alishuka kwenye bajaji, akanusa majivu ya jiko, akazunguka mara mbili, akalala.

Kadi nilimkabidhi mama ntilie. Akaiweka kwenye kopo la sukari, akasema hapo hapapotei kitu. Nikamwonyesha tarehe ya chanjo ijayo, Februari, nikanyanyuka niende.

"Subiri, dokta." Alinyoosha mwiko kuelekea kwenye mitumbwi. "Wale watatu ni wa huyu anayeuza nyavu. Na yule mweusi ana mimba. Utakuja lini?"